Mrija ulio kichwani: Mtoto aelezwe nini, na lini

WAZAZI wengi ambao watoto wao wamefanyiwa upasuaji wa kichwa maji hukumbuka vyema siku waliyoruhusiwa kurudi nyumbani. Hukumbuka pia maagizo ya daktari: kidonda kisiguswe kwa mikono michafu, mtoto arudishwe kliniki tarehe fulani, na dalili kadha wa kadha zikionekana asicheleweshwe. Jambo linaloachwa kando mara nyingi ni la siku za mbele, pale mtoto mwenyewe atakapopitisha kidole nyuma ya sikio, aguse kivimbe kigumu chini ya ngozi, na kuuliza ni kitu gani hicho.

Swali hilo huja mapema kuliko mzazi anavyotarajia. Namna linavyojibiwa ina uzito wa kitabibu, wala si suala la malezi peke yake. Katika wadi ya Bokoli, eneobunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, hospitali iliyopo haina daktari wa upasuaji wa ubongo. Mrija ukiziba usiku, mtoto hupakiwa kwenye bodaboda hadi Webuye, kisha hutafutiwa gari la kumfikisha Eldoret. Katika safari hiyo kila saa ina thamani yake. Mtoto anayejua kwamba ana mrija, na anayeweza kusema "kichwa kinaniuma kama siku ile", huwapa watu wake muda ambao mtoto aliyefichwa hawezi kuwapa.

Vifaa vinavyopandikizwa mwilini mwa watoto ni vingi. Vipo vidude vya kupitishia dawa za saratani vinavyowekwa chini ya ngozi ya kifua, vipo vya kusaidia kusikia, na vipo vya kurekebisha mapigo ya moyo. Hata hivyo, katika maeneo ya Bungoma, Kitale na ng'ambo ya mpaka wa Uganda, kifaa ambacho familia za mashambani zina uwezekano mkubwa wa kukutana nacho ni mrija wa kuondoa maji kichwani, ambao madaktari na wazazi huuita shanti.

Maji ya kichwani ni maji gani?

Ubongo wa kila binadamu huelea katika ugiligili mwangavu unaotengenezwa ndani ya vyumba vinne vilivyo katikati ya ubongo wenyewe. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita kila siku. Ugiligili huo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, huukinga dhidi ya mitikisiko, kisha hufyonzwa na kurejea katika damu. Njia yake inapoziba, ama unaposhindwa kufyonzwa, hujikusanya na kuubana ubongo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga huwa haijaungana, hivyo kichwa hupanuka, utosi hufura, na macho huelekea chini mithili ya jua linalotua.

Katika Afrika Mashariki chanzo kikubwa ni maambukizi yanayompata mtoto katika wiki za kwanza za maisha. Daktari Mmarekani Benjamin Warf, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, alichapisha mwaka wa 2005 taarifa kuhusu watoto 300 waliotibiwa huko, na takriban asilimia 60 yao ugonjwa wao ulitokana na maambukizi. Mnamo 2020 watafiti waliochunguza ugiligili wa watoto wachanga wa Uganda walitangaza kwamba bakteria wa jamii ya Paenibacillus walionekana kuhusika kwa wengi wao. Watoto wengine huzaliwa na tatizo hilo, hasa wale wenye mgongo wazi. Hatari ya mgongo wazi hupungua mama akiwa na asidi ya foliki ya kutosha kabla ya kushika mimba, na ndiyo maana Kenya iliwalazimisha wenye viwanda, tangu mwaka wa 2012, kuongeza virutubisho katika unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umepakiwa. Unga unaosagwa kwenye posho mill ya kijijini haumo katika sharti hilo, na huo ndio unaoliwa na familia nyingi za Bokoli.

Maelezo haya ya chanzo yana umuhimu wake hata kwa mtoto. Mojawapo ya maswali atakayouliza ni nani aliyemfanya awe hivyo. Majirani wamekwisha kuwa na majibu yao: mama alivunja mwiko, baba alilaaniwa, mtu alitupa jicho. Mzazi asipokuwa na jibu la kweli, la majirani ndilo litakalobaki masikioni mwa mtoto.

Mrija unavyofanya kazi

Daktari hutoboa tundu dogo kwenye fuvu na kupitisha ncha moja ya mrija hadi katika chumba cha ubongo. Mrija huo huunganishwa na valvu iliyowekwa chini ya ngozi ya kichwa, aghalabu nyuma ya sikio. Kutoka hapo hupitishwa chini ya ngozi ya shingo na kifua hadi ndani ya tumbo, ambako ugiligili humwagika na kufyonzwa na mwili. Urefu wa ziada huachwa tumboni ukiwa umejikunja ili mtoto anapokua mrija ujinyooshe pamoja naye. Hakuna betri wala waya. Valvu hufunguka shinikizo linapopanda na kufungika linaposhuka, na hairuhusu maji yarudi yalikotoka.

Udhaifu wa kifaa hiki ni kwamba huziba, hukatika, hupata maambukizi au huwa kifupi. Katika utafiti mmoja mashuhuri wa watoto 344 wa Amerika Kaskazini na Ulaya, uliochapishwa mwaka wa 1998, takriban nusu ya mirija ilikuwa imeharibika kufikia mwaka wa pili. Hao walikuwa watoto walio karibu na hospitali kubwa zenye kila chombo. Si ajabu, basi, kwamba hospitali ya Mbale, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitafuta njia ya kumwezesha mtoto wa shambani kuishi bila mrija. Daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera hadi ndani ya vyumba vya ubongo, hutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, kisha huchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Utafiti uliofanywa Mbale kwa watoto wachanga 100 na kuchapishwa mwaka wa 2017 haukuona tofauti kubwa ya maendeleo ya akili, baada ya miezi 12, kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na waliowekewa mrija.

Njia hiyo haimfai kila mtoto, na kwa hiyo mirija ingali inatumika. Mbale ndiko pia kulikothibitishwa kwamba shanti rahisi iliyotengenezwa India, iliyogharimu takriban dola 35 wakati huo, haikuwa na matokeo mabaya kuliko ile ya Ulaya na Marekani iliyouzwa kwa zaidi ya dola 600. Utafiti huo wa mwaka wa 2005 ulihusisha watoto 195.

Kwa familia ya Bungoma, Mbale si ugenini kabisa. Hufikiwa kupitia Malaba na Tororo, ama kwa njia ya Lwakhakha, na Wamasaaba wa huko husema lugha inayokaribiana mno na Lubukusu. Mama ambaye Kiingereza cha daktari kingempita anaweza kuketi kitandani na mama mwingine wa upande wa pili wa mpaka na kuelewana naye. Upande wa Kenya, rufaa nyingi za eneo hili huelekezwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambayo tangu mwaka wa 2015 ina jengo la watoto la Shoe4Africa.

Wazazi waliotengeneza valvu

Historia ya kifaa hiki ni hadithi ambayo mtoto wa miaka 8 au 9 anaweza kusimuliwa, na inafaa asimuliwe, kwa maana inamwonyesha kwamba mrija haukutokana na aibu ya mtu yeyote.

Mwaka wa 1955, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, fundi mmoja wa mitambo aitwaye John Holter alipata mtoto wa kiume, Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi kisha akajaa maji kichwani. Mirija ya siku hizo haikuwa na valvu ya kutegemewa. Holter hakuwa daktari, ila alijua tabia ya maji na shinikizo lake. Alijifungia katika karakana yake, na kufikia mwaka wa 1956 valvu yake ilikuwa imeanza kutumika kwa wagonjwa. Valvu hiyo ilikuja kutumika ulimwenguni kote kwa miongo mingi.

Miaka michache baadaye mzazi mwingine alijikuta katika shida hiyo hiyo. Mwandishi wa vitabu vya watoto Roald Dahl, ambaye kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliishi Dar es Salaam akiifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell, alikuwa na mtoto mchanga aitwaye Theo. Mnamo Desemba 1960, mjini New York, kigari cha mtoto huyo kiligongwa na teksi. Theo alijaa maji kichwani, na mrija aliowekewa uliziba mara kwa mara. Dahl alimwendea Stanley Wade, fundi aliyekuwa akitengeneza pampu ndogo mno za injini za ndege za kuchezea, na daktari wa upasuaji Kenneth Till wa jijini London. Watatu hao walibuni valvu isiyoziba kwa urahisi na wakakubaliana wasijipatie faida kwayo. Ilipokuwa tayari Theo alikuwa amepata nafuu na hakuihitaji tena. Iliwafaa maelfu ya watoto wengine.

Maneno yanayosaidia na yanayodhuru

Jina la ugonjwa wenyewe ni tatizo la kwanza. "Kichwa maji" ni tusi katika Kiswahili cha mitaani, lenye maana ya mtu asiye na akili. Mtoto anayelisikia nyumbani kama jina la ugonjwa wake atalikuta uwanjani shuleni likitumika kuwadhihaki wenzake, na ataunganisha mambo hayo mawili bila kusaidiwa na mtu. Nchini Tanzania wazazi wengi husema "kichwa kikubwa", jina ambalo nalo humwelemea mtoto ambaye kichwa chake kilitibiwa mapema na hakina ukubwa wowote wa ajabu. Ni afadhali nyumbani litumike neno la kifaa kuliko la ugonjwa: mrija wako, shanti yako. Mtoto huumiliki mrija kwa urahisi kuliko anavyoumiliki ugonjwa.

Yapo majibu ambayo hutolewa kwa nia njema na baadaye huleta madhara. "Ni mfupa tu." "Ni jipu, litaisha." Mtoto aliyeambiwa kwamba ni jipu ataendelea kungoja liishe, na akifika miaka 7 hajaliona likiisha, huanza kushuku kwamba kuna jambo baya zaidi analofichwa. Mwingine huambiwa ana "mashine kichwani", na kwa kuwa ameona simu ikizima chaji, hulala kwa hofu akidhani mashine hiyo nayo itazima usiku. Yuko pia anayesikia kwamba ana maji mengi kichwani na kuamua, kwa mantiki isiyo na kasoro, kuacha kunywa maji. Inafaa aambiwe waziwazi kwamba maji ya kunywa huenda tumboni, na yale ya kichwani hutengenezwa na kichwa chenyewe, kwake na kwa kila mtu darasani.

Jambo jingine la kusemwa bila kungoja kuulizwa ni kwamba kinachopita mrijani ni maji, si mawazo wala akili. Watu wazima huliona hilo kuwa dogo. Mtoto anayepata alama za chini katika hesabu na anayejua kwamba kitu fulani hutoka kichwani mwake hakioni kuwa kidogo.

Mifano ya kumwelezea haina haja ya kutoka mbali. Vijiji vingi vya Bungoma huteka maji kwenye chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na kutiwa bomba. Mtoto aliyetumwa huko na mtungi anajua kwamba maji hayakomi kuja, kwamba bomba huyapa njia, na kwamba majani yakiziba bomba maji hupanda nyuma ya ukuta hadi watu waje kuzibua. Hapo ameelewa jambo zima: kichwa ni chemchemi, mrija ni bomba, na daktari ndiye anayezibua. Kuhusu valvu, baiskeli inatosha. Upepo wa pampu huingia ndani ya gurudumu na haurudi, kwa kuwa pana kidude kinachoukataza. Mirija mirefu ambayo wazee hunywea busaa chunguni nayo imewahi kuonwa na karibu kila mtoto wa Kibukusu, ingawa mfano huo una kasoro yake, maana mtoto anaweza kudhani kwamba kuna mtu anayefyonza.

Mfano mmoja uliokamilika ni bora kuliko mitano. Baadaye huwekwa kwenye mwanasesere. Gunzi la mahindi lililovikwa kitambaa, pamoja na uzi mnene uliopitishwa kutoka kichwani hadi tumboni na kifundo kimoja nyuma ya sikio, humweleza mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Katika hospitali ya watoto ya Eldoret, Kituo cha Sally Test huwapa watoto waliolazwa nafasi ya kucheza na kujiandaa kwa yale yanayowangoja, na mzazi aliye huko na mwanawe anaweza kuomba aonyeshwe namna ya kufanya hivyo. Nyumbani, mchezo huo huendelea bila gharama. Mara nyingi mtoto humpasua mwanasesere wake, humfunga bendeji, humkemea asilie. Aachwe. Katika kumtibu gunzi ndipo anaposema yale anayoyaogopa.

Kadiri ya umri

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji sentensi moja au mbili tu: hiki ni mrija wako, unasaidia kichwa kisiume, tusiubonyeze. Katika umri huo watoto hudhani kwamba ugonjwa ni adhabu, kwa hiyo aambiwe kwamba hakukosa chochote. Ni vyema pia jamaa waache desturi ya kumtisha kwa daktari. Mtoto anayeambiwa kila akilia kwamba atapelekwa adungwe sindano hatasema kichwa kinapomuuma.

Kipindi cha kuanzia miaka 6 hadi 10 ndicho chenye kazi kubwa. Mtoto ameingia shule, anatembea mbali na macho ya mama, na ana uwezo wa kupanga sababu na matokeo. Sasa afundishwe njia nzima ya mrija, aionyeshe kwa kidole mwilini mwake kuanzia kichwani hadi tumboni, na ajue alama za upasuaji zimetoka wapi. Afundishwe kuutambua uchungu unaohusu mrija: kichwa kinachouma hasa asubuhi, kinachoambatana na kutapika, usingizi usio wa kawaida, macho yanayoona vitu viwili viwili, au wekundu na uvimbe kwenye njia ya mrija. Si lazima azitaje dalili zote. Inatosha ajue sentensi moja ya kusema na watu watatu wa kuwaambia, mmoja wao akiwa mwalimu.

Sentensi hiyo hufanyiwa mazoezi. "Mwalimu, nina shanti kichwani, na kichwa kinaniuma sana." Mtoto wa darasa la 2 ambaye hajawahi kuitamka nyumbani hataitamka mbele ya wanafunzi 60. Upande wa pili, kila homa na kila mafua si mrija, na mtoto hatakiwi kuishi akijisikiliza usiku na mchana. Wazazi wengine, kwa woga, humzuia kukimbia, kucheza kati na hata kubeba kikombe. Mtoto mwenye shanti hukimbia na hucheza. Anachopaswa kukwepa ni michezo ya kugongana vichwa na mapigo ya kichwa, na daktari wake ndiye wa kuulizwa kuhusu mchezo fulani anaoupenda.

Katika umri huo huo huulizwa lile swali gumu: mrija utatolewa lini? Jibu la kweli ni kwamba kwa watoto wengi hautolewi, na kwamba ukiharibika utabadilishwa. Mtoto aliyeahidiwa kwamba utatolewa "ukikua" ataidai ahadi hiyo. Akiuliza kama atakufa, asikemewe. Aambiwe kwamba mrija umewekwa ili aishi, kwamba ukiziba ni hatari, na kwamba ndiyo sababu watu wa nyumbani wanataka kujua upesi kichwa kinapomuuma.

Safari ya hospitali nayo isigeuzwe hila. Wapo wanaomwambia mtoto kwamba wanakwenda sokoni Kitale kununua viatu, akajikuta Eldoret amelazwa. Hila hiyo hufaulu mara moja. Mtoto mdogo aambiwe siku moja kabla, mkubwa aambiwe siku kadhaa kabla, na kama kutakuwa na sindano aambiwe itauma kidogo na itaisha.

Kijana wa miaka 12 na zaidi ana haja ya kuzungumza na daktari mwenyewe, mzazi akiwa pembeni na wakati mwingine akiwa nje. Huu ndio umri wa kuficha. Nywele huachwa zifunike kovu, na kichwa kinapouma hunyamaza asionekane tofauti na wenzake. Shule ya bweni huizidisha hatari hiyo, kwani mwanafunzi anayelalamika kuumwa kichwa asubuhi hudhaniwa anakwepa masomo ya alfajiri. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini methali hiyo haimsaidii kijana iwapo hakupewa mahali salama pa kufichua. Mkuu wa bweni na muuguzi wa shule waambiwe siku ya kuripoti, mbele ya mwanafunzi mwenyewe na kwa ridhaa yake.

Kukhu, fundi wa miti shamba na msimu wa tohara

Mtoto wa Bokoli halelewi na wazazi wawili pekee. Mara nyingi mama yuko kazini mjini na mtoto yuko kwa nyanya, ambaye kwa Lubukusu huitwa kukhu. Nyanya huyo ndiye atakayeamua, saa 4 usiku, kama kichwa hicho ni cha kupelekwa hospitali au cha kupakwa dawa. Maelezo anayopewa mtoto yatolewe mbele yake, kwa lugha yake, na ikiwezekana ayarudie yeye. Ajue hasa kwamba kivimbe cha nyuma ya sikio hakichanjwi chale, hakikandwi kwa maji moto wala kufungwa majani, kwa kuwa kidonda chochote juu ya valvu ni mlango wa maambukizi kuelekea kwenye ubongo.

Kwa wavulana kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kigeni havitaji. Wabukusu hutahiri wavulana mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana huzunguka kwa jamaa akipiga njuga na kuwaalika, hukeshewa kwa nyimbo, hupakwa tope mtoni alfajiri na husimama mbele ya umati bila kutikisika. Mvulana mwenye shanti huyaona hayo yakikaribia na hujiuliza kama yeye atakuwa mwanamume. Jamaa wengine humwacha nje kimya kimya. Kumwacha bila neno ni kumwambia jambo kubwa.

Shanti yenyewe si kizuizi cha tohara. Lililo la lazima ni daktari anayemtunza kuarifiwa miezi kadhaa mapema, kazi kufanywa kwa vifaa safi, ikiwezekana hospitalini, na kijana kuchunguzwa mara moja homa ikimpata baadaye. Familia nyingi za Kibukusu tayari huwatahiri wavulana hospitalini na kufanya sherehe nyumbani, hivyo hatakuwa wa kwanza. Mjomba, ambaye ana nafasi yake katika sherehe hiyo, ni mtu mzuri wa kumketisha kijana na kulizungumza hilo mwaka mmoja kabla.

Msichana naye atauliza kama ataweza kuzaa. Wanawake wengi wenye shanti hushika mimba na kujifungua salama. Atakapofika kliniki ya wajawazito amwambie mhudumu ziara ya kwanza kabisa, kwani maumivu ya kichwa na kutapika ni mambo ya kawaida katika ujauzito na asipotaja shanti hakuna atakayeifikiria.

Karatasi ya shanti

Hospitali inapompa mtoto ruhusa ya kwenda nyumbani, mzazi aombe maelezo yaandikwe: tarehe ya upasuaji, aina ya shanti, upande uliotumika, jina la hospitali na nambari ya simu ya wadi. Nakala moja hukaa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki, nyingine hukaa shuleni, na picha yake huwekwa katika simu ya mama na ya kukhu. Mgonjwa aliyepelekwa Webuye bila karatasi hiyo anaweza kuchukuliwa kuwa na malaria, ugonjwa ambao dalili zake za mwanzo hufanana na za mrija ulioziba na ambao katika eneo hili ndio huangaliwa kwanza. Mtoto anayejua kusoma aionyeshwe na aisome mwenyewe. Akikutana na neno asilolielewa, aelezwe palepale. Karatasi hiyo huandikwa upya kila mrija unapobadilishwa, na ile ya zamani isitupwe, kwa kuwa daktari atakayemwona akiwa na miaka 20 atataka kujua mirija mingapi imepita kabla ya huu.